Morgon, Fleurie na Moulin-à-Vent: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mivinyo myekundu ya majirani watatu

Nauza mvinyo katika duka dogo mjini Lyon, Ufaransa, huu ni mwaka wa tisa. Kila sikukuu zikikaribia simu yangu hujaa picha za chupa: shemeji yuko supamaketi Brussels, rafiki yuko uwanja wa ndege wa Paris anarudi Nairobi, na wote wanauliza jambo moja. "Hii na hii zina tofauti gani? Mbona bei si sawa na zabibu ni ileile?" Mara nyingi chupa zenyewe zinatoka Beaujolais, na mara nyingi ni hizi tatu. Nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia, pamoja na mawili matatu niliyoulizwa kwa hasira.

Majina haya ni ya kampuni, ya zabibu au ya vijiji?

Ni ya maeneo. Yote yako kwenye vilima vya Beaujolais, kaskazini ya Lyon na magharibi ya mto Saône. Morgon inatoka kijiji cha Villié-Morgon. Fleurie ni jina la kijiji chenyewe. Moulin-à-Vent si kijiji kabisa. Maana yake ni kinu cha upepo, na kinu hicho kingalipo juu ya kilima chake, katikati ya mizabibu. Mashamba yake yamegawanyika kati ya vijiji viwili, Chénas na Romanèche-Thorins. Fleurie imekaa katikati. Ukitoka Villié-Morgon asubuhi kwa baiskeli, ukapitia Fleurie bila haraka, chakula cha mchana utakila kivulini mwa kinu.

Beaujolais ina maeneo 10 ya daraja la juu yanayoruhusiwa kuuza mvinyo kwa jina lao wenyewe. Wafaransa huita kila moja kru, nasi tutumie neno hilohilo. Hawa watatu walitambuliwa kisheria mwaka 1936. Wa mwisho kuingia, Régnié, aliingia 1988.

Nimegeuza chupa ya Morgon mara tatu, sioni neno Beaujolais. Ni feki?

Si feki. Kru huandika jina lake kwa herufi kubwa, na wengi huacha neno Beaujolais, au huliweka kwa maandishi madogo upande wa nyuma. Sababu ni ya kibiashara: kwa miaka mingi jina Beaujolais lilikumbusha watu kinywaji cha bei rahisi cha mwezi Novemba, na mkulima wa Morgon hakutaka kuwekwa kapu moja nacho. Siku hizi vijana wameanza kulirudisha jina hilo mbele kwa fahari.

Kwa hiyo huu si ule mvinyo mpya wa Novemba?

Hapana. Ule huitwa Beaujolais Nouveau, huachiliwa Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno, na sheria hairuhusu kru yoyote kuuzwa hivyo. Ile harufu ya ndizi mbivu ambayo watu huitania Beaujolais nayo hutokana zaidi na uchachushaji wa haraka na aina ya chachu iliyotumika. Ukifungua Fleurie ikanukia ndizi tupu, mlaumu aliyeitengeneza, udongo hauna kosa.

Zabibu ni moja, vilima ni vilevile. Tofauti inatoka wapi basi?

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nivumilie.

Chupa zote tatu ni gamay. Gamay ni zabibu nyeusi yenye maji meupe, uchachu mchangamfu na ukakasi mdogo. Haitunzi siri, inatoboa ilikolala. Kinachobadilika kati ya majirani hawa ni kile kilicho chini ya mizizi, kisha upepo na mteremko, kisha mkono wa mtu.

Fleurie imekalia graniti ya rangi ya waridi iliyomomonyoka ikawa mchanga mkavu. Wenyeji huuita *gore*. Ukiukanyaga wakati wa kiangazi unalia chini ya kiatu kama chumvi ya mawe. Maji hayatuami, yanapita; mzabibu unalazimika kutafuta nyufa za mwamba huko chini. Juu ya kijiji kuna kanisa dogo la La Madone, na miteremko inayolizunguka ni mikali kiasi kwamba wavunaji hushuka kwa ubavu. Mvinyo wa mchanga wa namna hiyo hutoka mwepesi kinywani na wenye harufu inayokuwahi kabla glasi haijafika puani.

Morgon ina sura zaidi ya moja. Sehemu yake maarufu ni Côte du Py, kilima chenye kimo cha mita 350 hivi, na mwamba wake si graniti ya waridi. Ni mwamba wa kale wa asili ya volkano, wa kijivu kinachoelekea bluu, wenye kutu ya chuma, uliochakaa mpaka unaumegua kwa vidole. Wafaransa huuita "mwamba uliooza". Mizabibu ya hapo hutoa mvinyo mnene zaidi, wa matunda yaliyoiva sana na kitu kama kokwa ya cheri ukiivunja. Lakini nenda Corcelette, ambayo nayo ni Morgon kisheria, utakuta mchanga wa graniti tena, na gizani mvinyo wake unaweza kuudhania ni Fleurie. Ndiyo maana mtu akiniambia "Morgon ni nzito", namuuliza: Morgon ya wapi?

Moulin-à-Vent nayo ina graniti, ila udongo wa juu ni haba na mwamba umepitwa na mishipa ya madini, hasa manganizi. Hili si la kufikirika: Romanèche palikuwa na mgodi wa manganizi, na kuna madini yanayoitwa romanechite kwa sababu ya kijiji hicho. Utasikia ikisemwa kwamba manganizi ndiyo inayoupa mvinyo nguvu, kana kwamba iliyeyuka ikaingia chupani. Mimi nalichukua kwa tahadhari. Mzabibu uliobanwa na ardhi ngumu huzaa kidogo, zabibu zake huwa ndogo, na zabibu ndogo zina ganda jingi kwa maji kidogo. Rangi na ukakasi viko kwenye ganda. Hayo yanatosha kueleza mengi. Halafu kuna upepo. Kinu hakikujengwa pale kwa urembo. Upepo ule hukausha vichala baada ya mvua, kuvu hupungua, na mkulima anaweza kusubiri zabibu ziive vizuri.

Kwa wanaopenda hesabu: kati ya 2009 na 2018 udongo wa Beaujolais yote ulichunguzwa shamba kwa shamba, na zaidi ya aina 300 za udongo zikatambuliwa. Majina ya kru ni 10 tu. Kwa hiyo jina kwenye lebo ni ramani ya mtaa. Namba ya nyumba utaitafuta mwenyewe.

Sawa, lakini nikiweka glasi tatu mezani, nitazitambuaje?

Nikueleze nilivyofanya mimi. Nilichagua chupa tatu za 2019 za mkulima mmoja mwenye vipande vya shamba kote kutatu. Nikazifungua pamoja, jikoni, saa kumi na mbili jioni, nikamwaga vidole viwili katika kila glasi.

Rangi haikusaidia sana. Moulin-à-Vent ilikuwa na weusi kidogo katikati, lakini ningekuwa na taa ya njano nisingeuona. Puani Fleurie ilitangulia: urujuani, waridi, stroberi bichi. Morgon ilikuwa kimya, kisha ikatoa cheri nyeusi na udongo uliolowa mvua ya kwanza. Moulin-à-Vent ilinukia forosadi na karafuu; karafuu hiyo ilitoka kwenye pipa la mwaloni, si shambani.

Kinywani ndipo zilipoachana. Zingatia ukakasi, ule mkauko unaoupata ukila bibo. Kwenye Fleurie ulikuwa kama unga laini uliopita na kwenda zake. Kwenye Morgon ulikaa katikati ya ulimi. Kwenye Moulin-à-Vent ulishika fizi na ukabaki hata baada ya kumeza, ingawa haukuwa mkali.

Baada ya saa moja nilimwomba mwenzangu azipange upya nikiwa nimegeuka. Moulin-à-Vent niliipatia. Hizo mbili nilizibadilisha, tena kwa kujiamini kabisa. Nakwambia hili ili usije ukadhani kuna mtu ana pua ya miujiza. Tofauti zipo, nazo ni za kweli, ila ni tofauti za ndugu: ukiwaona pamoja unajua nani ni nani, ukimkuta mmoja peke yake sokoni unaweza kumwita jina la kaka yake.

Umesema Fleurie ni laini. Nimenunua moja imenikausha ulimi kama ndizi mbichi. Nimetapeliwa?

Pole. Kuna mambo matatu ya kuangalia kabla hujamfuata muuzaji.

La kwanza ni mwaka. Majira ya joto ya 2015, 2018, 2020 na 2022 yalikuwa makali. Zabibu ziliiva kupita kawaida, na Fleurie nyingi zilitoka na mabega mapana. Ikiwa lebo yako inasema asilimia 14 au 14.5, jibu umeshalipata.

La pili ni mahali. Upande wa mashariki wa Fleurie, karibu na mpaka wa Moulin-à-Vent, udongo una mfinyanzi zaidi na mvinyo una misuli. Huko kuna shamba la Clos de la Roilette ambalo zamani mvinyo wake uliuzwa kwa jina la Moulin-à-Vent. Mipaka ilipochorwa likaangukia Fleurie, na inasimuliwa kwamba mwenye shamba wa wakati huo alikasirika mno hata akabandika picha ya farasi wake wa mashindano kwenye lebo kuliko kulitukuza jina la Fleurie. Farasi huyo yumo kwenye chupa mpaka leo. Onja hiyo, utamwelewa mzee yule.

La tatu ni umri. Kama ni ya mwaka jana, ipe hewa: ifungue, mimina glasi moja, acha iliyobaki ipumue saa moja na nusu.

Uchachushaji wao unatofautiana na wa mivinyo mingine myekundu?

Ndiyo. Kwingi zabibu hutolewa vikonyo na kupondwa. Beaujolais kwa desturi vichala huingizwa tangini vizima, na kwa sababu hiyo huvunwa kwa mkono. Zabibu za chini hupasuka kwa uzito wa zilizo juu, maji yake huanza kuchacha, hewa ya ukaa hujaa tangi na kufukuza oksijeni. Zile za juu, zikiwa bado nzima, huanza kuchacha ndani ya ganda lake. Matokeo yake ni matunda mengi puani na ukakasi mdogo.

Kwa kru, zabibu hukaa tangini siku 10 mpaka 20 au zaidi, wakati ule mvinyo wa Novemba hukaa siku chache tu. Na hapa majirani wanagawanyika tena: Moulin-à-Vent utakuta wakulima wengi zaidi wanaotoa vikonyo na kutumia mapipa kama wanavyofanya Bourgogne, eneo la mvinyo lililo jirani upande wa kaskazini. Kwa hiyo sehemu ya "nguvu ya Moulin-à-Vent" ni uamuzi wa mtu. Nimeonja Moulin-à-Vent ya vichala vizima, bila pipa jipya, na mwenye kuijua angeapa ni Fleurie ya mwaka wa joto.

Watu husema Morgon ni mvinyo "wa asili". Maana yake nini?

Kuna historia hapo. Jules Chauvet (1907–1989), mfanyabiashara wa mvinyo aliyekuwa pia mwanakemia, aliamini kwamba zabibu safi hazihitaji chachu ya kiwandani wala salfa nyingi ya kuhifadhia mvinyo. Miaka ya 1980 Marcel Lapierre wa Villié-Morgon alifuata mawazo yake, na wenzake Jean Foillard, Guy Breton na Jean-Paul Thévenet wakawa pamoja naye. Lapierre alifariki 2010, ila mtindo ulishatoka kijijini ukaenda duniani. Ndiyo sababu baa nyingi za mvinyo wa asili, kokote ziliko, zina Morgon kwenye orodha.

Si Morgon yote iko hivyo. Na ile yenye salfa kidogo sana haipendi joto la gari wala la dirishani. Ikisafiri vibaya hunuka kama zizi. Ikikupata hiyo, irudishe dukani bila aibu.

Ipi bora kati ya tatu?

Swali la harusini hili. Sokoni Moulin-à-Vent ndiyo yenye heshima ya zamani. Mahakama ya Mâcon ililitambua jina lake mwaka 1924, kabla ya mfumo wa taifa wa majina ya mvinyo kuwapo. Morgon ndiyo yenye mashabiki vijana. Fleurie ndiyo inayouzika kwa wepesi wa jina lake. Mtu akisikia ndani yake neno fleur, yaani ua kwa Kifaransa, ameshafungua pochi. Hapa Lyon chupa nzuri ya yoyote kati yao mara nyingi ni yuro 12 hadi 25, na kwa fedha hiyo Bourgogne jirani hupati cha maana.

Ukinibana: kwa kunywa leo, Fleurie. Kwa kuweka, Moulin-à-Vent. Kwa kumshawishi mtu anayedharau Beaujolais, Morgon ya Côte du Py yenye miaka mitano sita.

Kwani Bourgogne hawana gamay?

Walikuwa nayo. Mwaka 1395 mtawala wao, Philippe Jasiri, aliamuru gamay ing'olewe kwenye ardhi yake, akiiita mmea mbaya na wenye hiana, kwa kuwa ilizaa sana na ikawa inashindana na pinot noir, zabibu ya mvinyo wao mwekundu. Gamay ikashamiri kusini, kwenye graniti, ambako inafurahi kuliko kwenye chokaa ya kaskazini. Kwa hiyo ukilinganisha Moulin-à-Vent na mvinyo mwekundu wa Bourgogne, jua unalinganisha zabibu mbili tofauti na ardhi mbili tofauti, hata kama mabasi ya watalii huzichanganya. Ila kuna jambo la kuchekesha: Moulin-à-Vent ikifika miaka kumi huanza kunukia majani makavu, uyoga na waridi lililokauka, na hapo hata wenyeji huchanganya na pinot. Philippe angekasirika upya.

Nizihifadhi miaka mingapi?

Fleurie ya mchanga: miaka 3 hadi 6. Morgon: 5 hadi 10, na Wafaransa wana kitenzi chake kabisa, *morgonner*, kwa mvinyo unaoanza kuzeeka kwa tabia ya Morgon. Moulin-à-Vent ya mwaka mzuri hupita 10 bila kuhema. Hayo ni kwa chupa iliyolala gizani, mahali pa ubaridi usiobadilika. Kama ulipo ni Mombasa na chupa iko juu ya kabati, kunywa mwaka huu.

Mvinyo mwekundu si unanywewa bila baridi?

Niliamini hivyo na nikaumbuka. Mwaka wangu wa kwanza Lyon mjomba alinitembelea mwezi Agosti. Naishi ghorofa ya tano, hakuna kiyoyozi. Nikamfungulia Moulin-à-Vent niliyoinunua kwa kujinyima, ikiwa na joto lilelile la chumba, nyuzi 29. Mjomba akanusa, akarudisha kichwa nyuma: "Mwanangu, hii ni ya kunywa au ya kuchua mgongo?" Alikuwa na haki, kilichosikika kilikuwa spiriti tu. Tukaizamisha kwenye sinki la maji na barafu, dakika ishirini, na mvinyo uleule ukarudi na matunda yake. Mjomba aliomba ya pili, ila hadithi ya kuchua mgongo anaisimulia mpaka leo.

Fleurie inapendeza kwenye nyuzi 13 au 14, Morgon 14 au 15, Moulin-à-Vent 15 au 16. Kwenye nchi ya joto: friji dakika 40 kabla ya kumimina, basi.

Chakula gani kinafaa?

Lyon wana msemo kwamba mji wao una mito mitatu: Rhône, Saône na Beaujolais. Hunywewa na soseji za nguruwe, kuku wa Bresse, jibini la mbuzi. Nyumbani kwangu Fleurie huenda na kuku wa kupaka kama pilipili haikuzidi, maana nazi hupenda uchachu wake. Morgon na pilau ya nyama, binzari nyembamba na mdalasini vikisikika, ni ndoa isiyohitaji mshenga. Moulin-à-Vent nampa mbuzi wa kuchoma. Pilipili kali sana huua zote tatu. Weka maji ya tangawizi.

Nataka kuandaa jioni ya kulinganisha na marafiki. Nianzeje?

Linganisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Watu wengi hununua Fleurie ya 2021, Morgon ya 2018 na Moulin-à-Vent ya 2015, kisha hutoa hukumu juu ya vijiji. Walichoonja ni hali ya hewa: 2021 ulikuwa mwaka wa jalidi na mvua, mivinyo yake ni myembamba, 2015 ulikuwa wa jua kali. Tafuta mwaka mmoja. Ukiweza, tafuta na mtengenezaji mmoja, kwa sababu mkono wa mtu hufunika udongo kuliko tunavyopenda kukiri. Miaka ya wastani ndiyo inayoonyesha tofauti vizuri zaidi. Kwenye joto kali majirani hufanana.

Kuhusu miaka, kumbuka pia kwamba 2016 na 2017 mvua ya mawe iliipiga Fleurie mfululizo. Kuna wakulima waliobaki na chupa chache mno, na wengine walinunua zabibu kwa majirani ili wasifunge.

Glasi ziwe za umbo moja. Anza na Fleurie, malizia na Moulin-à-Vent. Funika chupa kwa soksi au gazeti, kila mtu aandike kabla ya kusema. Mzungumzaji mmoja mwenye sauti kubwa hutosha kuharibu ndimi za meza nzima.

Mimi nitaendesha gari. Nitashiriki vipi?

Tema. Wataalamu wote hutema, na hakuna anayeona ni utovu wa adabu. Weka ndoo au jagi mezani. Sukutua mvinyo, vuta hewa kidogo, utapata karibu kila kitu. Ila kutema hakufuti kilevi chote, kwa hiyo kwa glasi nyingi mwachie mwingine ufunguo.

Tulikuta tope jeusi chini ya chupa ya Moulin-à-Vent.

Ni mashapo, hayana madhara. Simamisha chupa siku moja kabla, mimina polepole, acha kidole kimoja cha mwisho.

Huko Dodoma kuna kitu cha kulinganisha nazo?

Kulinganisha kwa haki, hapana. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, zabibu ni nyingine, kama ile Makutupora nyekundu, na jua ni jingine. Beaujolais mzabibu hulala wakati wote wa baridi kama mti mkavu, huvunwa mara moja tu, mwishoni mwa Agosti au Septemba. Onja zote mbili kwa furaha, siku tofauti.

Na kru nyingine saba?

Kwa ufupi, kwa anayetaka kuendelea: Chiroubles iko juu zaidi milimani na ni nyepesi zaidi. Chénas, jirani wa kinu, ni ndogo, haijulikani, na mara nyingi ni Moulin-à-Vent kwa bei ya huruma. Hii siri nilitaka kubaki nayo. Juliénas ina viungo. Saint-Amour huuzwa sana Februari kwa ajili ya jina lake lenye mapenzi. Brouilly ni kubwa kuliko zote na ubora wake unapanda na kushuka. Côte de Brouilly, iliyo juu ya kilima chenyewe, ina mawe ya bluu na huniridhisha zaidi. Régnié ni ya mchana.

Naweza kufika kwa treni?

Ndiyo. Treni za kutoka Lyon kwenda Mâcon husimama Belleville na Romanèche-Thorins. Kutoka Romanèche kinu si mbali, ni mwendo wa kupanda. Piga simu kwa mkulima kabla. Si hoteli, ni nyumba ya mtu, na wakati wa mavuno hana muda na wewe.

Zimebaki nusu chupa tatu. Nimwage?

Usithubutu. Rudisha vizibo, weka friji, zitavumilia siku tatu, na Morgon mara nyingi siku ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza. Zikipita hapo, changanya zote, tia sukari, kipande cha mdalasini na mapea yaliyomenywa, pika kwa moto mdogo mpaka mapea yawe mekundu hadi ndani. Ila kabla ya kuziingiza friji andika jina juu ya kila kizibo kama lebo umezibandua kwa ajili ya mchezo wa soksi. Zikiwa na baridi ya friji, zote tatu hazinukii chochote, na asubuhi yake utabaki ukibishana na mkeo au mumeo ipi ilikuwa ipi.